Bajeti Iliyobandikwa kwa Ugali

Kwa wale ambao gazeti lao la wiki jana lilifungiwa dagaa wa omena kabla hawajalimaliza, hali yangu ni hii.

Mimi ni Murunga yule yule. Kazi bado ni kukata karatasi kwenye kiwanda cha kuchapa kule Industrial Area. Vidole bado ni kumi. Chumba bado ni kimoja, hapa Makina, Kibera. Na mke bado ni Nabwire, ingawa hilo la mwisho msiliwekee dau kabla hamjafika chini ya ukurasa.

Mnakumbuka tulivyoanza. Baiskeli iliibwa nikiwa nimeikalia, na aliyecheka sana siku ile ajue nimemsamehe. Mkopo wa sako, chama chetu cha akiba, ulikwenda na binamu yangu aliyemjua mtu bandarini. Hapo Nabwire alichoka. Aliniwekea mikono yake miwili juu ya meza, imechanika kwa sabuni na maji baridi ya kufulia watu nguo, akasema hataki ahadi tena. Anataka cherehani.

Cherehani yenyewe haikuwa mbali. Mwenye nyumba wetu, Mama Sitelbanat, Mnubi aliyezaliwa hapa hapa kabla nyumba nyingi hazijaota, anayo moja ya kukanyaga kwa miguu. Macho yake yameingia ukungu, siku hizi anasuka kawa za rangi kwa kupapasa tu. Alitutajia mia sita. Akatupa miezi mitatu, mwisho Jumamosi hii saa kumi alasiri. Ikipita hapo, cherehani inakwenda kwa Wangoi, mama mmoja wa Kawangware ambaye tayari amekuja kuipangusa vumbi mara mbili kama mtoto wake.

Ndipo nikaleta bajeti.

Bajeti nilifundishwa na Miss Muthoni wa sako, saa ya chakula cha mchana, watu hamsini tumekaa juu ya marobota ya karatasi tukitafuna mkate. Alisema mtu asiyeandika matumizi yake ni kama anayeteka maji kwa chujio. Alisema tuandike kila kitu. Alirudia: kila kitu, msione haya, karatasi haina mdomo.

Miss Muthoni alikuwa hajamjua shemeji yangu Oloo. Karatasi haina mdomo, lakini Oloo anao, na alifika kidato cha pili.

Nilichukua kipande kirefu cha karatasi nzuri kilichobaki kwenye mashine, nikapiga mistari kwa rula, nikaandika. Gundi haikuwa kwenye bajeti, kwa hivyo niliibandika ukutani kwa ugali. Chini yake nikapanga mikebe mitano mitupu ya mafuta ya kupikia ya Kimbo: kodi, unga, mafuta ya taa, cherehani, dharura.

Usiku wa tatu panya walipanda kuufuata ule ugali. Walianzia kona ya chini, na kona ya chini ndiko kulikokuwa na jumla. Tangu siku hiyo bajeti yetu ina kila kitu isipokuwa mwisho wake.

Lakini ilifanya kazi, na hilo mnipe. Miezi mitatu, mia mbili kila mwezi, mkebe wa cherehani ulifika mia sita kamili wiki mbili kabla ya siku yenyewe. Nabwire alianza kuimba akiosha vyombo. Mimi nilianza kutembea kama waziri wa fedha.

Waziri wa fedha akiona pesa zimekaa bure, anawashwa.

Wiki jana niliwasimulia habari ya gunia. Mwaka huu wa themanini na nne, mvua imegoma, dukani kuna unga wa yale mahindi ya manjano tu, na ukitaka mahindi meupe lazima umjue mtu. Nikamjua mtu. Anaitwa Nderitu, anauza sokoni Kawangware, na alinifungulia mdomo wa gunia nikaona mahindi meupe kama meno ya bibi harusi. Nikaja nalo Kibera kwa mkokoteni. Kufika nyumbani, kuchimba shubiri mbili tu, kuanzia hapo hadi chini ni manjano.

Sasa kuna jambo ambalo sikuwaambia wiki jana. Nafasi ilikuwa finyu, na pia niliona haya.

Pesa za gunia hazikutoka kazini. Nilimwambia Nabwire msimamizi amenipa advansi ya mshahara. Msimamizi wetu hawezi kumpa mtu hata kikohozi. Nilizitoa kwenye mkebe wa cherehani. Mia nne: mia tatu na themanini za Nderitu, ishirini za mkokoteni. Nilibakiza noti mbili za mia, nikazikunja kunja kama maandazi ili zijaze mkebe.

Msinitazame hivyo. Hesabu ilikuwa safi. Miss Muthoni alisema mnunuaji wa jumla ndiye anayepona. Tungekula nusu, nusu nyingine niuze kwa gorogoro, mkebe wa kupimia kilo mbili, kwa bei ya mahindi meupe, nirudishe mia nne kabla ya Jumamosi, na juu yake nipate za kununua uzi na sindano nimshangaze mke wangu. Yaani nilikuwa naiba kwa nia ya kutoa zawadi.

Kosa ambalo hata Miss Muthoni hakulifundisha ni kwamba nilipitisha gunia mchana.

Hapa kwetu watu wananunua kilo mbili jioni, na mnafikiri ni kwa sababu hatujui hesabu. Kilo mbili unaificha ndani ya koti. Hakuna anayejua kama umekula au umelala. Gunia halina koti. Kabla mkokoteni haujasimama, majirani walikuwa wameshatafuta bakuli. Huyu ana mgonjwa, yule ana mgeni, wa tatu alisema tu ukweli kwamba ameliona. Sikuuza gorogoro hata moja. Utamwuzia nani mahindi wakati mwenzake amepewa bure jana?

Mama Sitelbanat naye akaniita kibarazani. Akaniuliza afya, kazi, mtoto wetu Ajiambo, kisha akasema kodi kuanzia mwezi ujao si mia na hamsini, ni mia na themanini, kwa kuwa ameona Mungu amenifungulia.

Na habari ikapanda basi ikaenda Busia. Mtu fulani alimwambia mtu fulani kwamba Murunga siku hizi ananunua kwa gunia. Jumatano nikarudi kutoka kazini nikakuta nje ya mlango wangu, chini ya pazia, miguu miwili ndani ya viatu vya mpira vyeusi.

Niliijua ile miguu. Hapo ndipo tulipoishia.

Ilikuwa ya mama mkwe wangu.

Miaka saba ya ndoa, na mama mkwe namjua kwa miguu tu. Kwetu ndivyo ilivyo. Tulikubaliana ng'ombe sita, nimetoa wanne. Hadi wale wawili wafike, mama haingii nyumbani kwangu, hali chakula changu, wala halali chini ya bati langu. Na ng'ombe wawe wamefika au la, mimi na yeye hatutazamani usoni. Akija njia hii, mimi nakata ile. Huko kijijini mambo haya ni rahisi, kuna migomba mingi ya kujifichia. Hapa nina pazia moja, la maua ya zambarau, na limechanika kidogo pembeni.

Mama alilala kwa Mama Sitelbanat, chumba cha mwisho, shilingi kumi kwa usiku, ninalipa mimi. Mwanawe Oloo, aliyemsindikiza, alilala kwangu sakafuni na akala kama mtu anayejaza fomu: hakuacha nafasi yoyote. Kwenye bajeti nzima hakukuwa na mstari wa watu hawa wawili. Mkebe wa kodi ulitoa thelathini. Mkebe wa unga ukabaki wa hewa.

Kuanzia Jumatano hadi Ijumaa nilimkimbia mama mkwe kwa heshima kuu. Nilitoka saa kumi na moja alfajiri, nikapitia nyuma ya choo. Nabwire aliniambia mama ana neno. Nikasema kesho. Akasema kesho ni Jumamosi, kesho tunalipa cherehani. Aliposema hivyo alinitazama kidogo zaidi ya kawaida, kisha akaendelea kuchambua mboga.

Nilikuwa na mpango. Jumamosi saa sita tunatoka kazini. Ningeomba wenzangu wanne mia mia. Niliwaomba. Wa kwanza alicheka. Wa pili alidhani ni mzaha, akaniomba mia yeye. Wa tatu na wa nne walikuwa wameshamwona wa kwanza.

Saa nane nilikuwa nimeketi kitandani mwangu, pazia limefungwa, mikebe mitano inanitazama. Nje kibarazani, miguu ya mama mkwe imetulia juu ya sakafu, mgongo ameupa mlango. Kando yake Mama Sitelbanat na kawa yake. Katikati, Nabwire amesimama. Kikao kilikuwa kimeanza bila mimi kuitwa, na mimi ndiye niliyekuwa ajenda.

Kwa kuwa mimi na mama hatuwezi kusemeshana, mtu wa kati alikuwa Mama Sitelbanat. Alijitolea mwenyewe. Sijamwona amefurahi vile tangu serikali itangaze kuleta maji.

Mama mkwe alisema neno kwa sauti ya chini. Mama Sitelbanat akageuza kichwa upande wa pazia.

"Murunga, upo?"

Nikasema nipo.

"Mkweo anauliza, gunia zima la mahindi limenunuliwa kwa pesa gani, na ng'ombe wake wawili wamekwama wapi?"

Nikamwambia Mama Sitelbanat amwambie mama kwamba ng'ombe hawajakwama, wako njiani, mwaka ni mgumu, hata wao wenyewe kule wanaona ukame. Maneno matamu, niliyapanga tangu Alhamisi.

Mama Sitelbanat akageuka upande wa pili, akafupisha. "Anasema hana."

Hapo ndipo Oloo alipoingia ndani. Yeye ni shemeji, anaruhusiwa. Alikuja kunywa maji, alisema. Akanywa, akajifuta, akainua macho, akaiona bajeti ukutani.

Nilijaribu kusimama mbele yake. Oloo ni mrefu.

"Shemeji, kumbe umeandika," akasema. Kisha akapaza sauti kuelekea pazia. "Mama, hapa ukutani kuna hesabu yote ya nyumba. Nisome?"

Mama akasema asome.

Akasoma. Alisoma vizuri, kwa mkazo, kama mtu anayesoma matangazo ya vifo redioni. Kodi, mia na hamsini. Unga, mia na ishirini. Mafuta ya taa, thelathini na tano. Kanisa, shilingi mbili. Hapo akakohoa kidogo, kisha akaendelea.

"Wageni wa upande wangu: chai ya maziwa na nyama robo."

Akasogeza kidole hadi mstari wa chini.

"Wageni wa upande wa mke: chai kavu."

Nilisikia mikono ya Mama Sitelbanat imeacha kusuka. Nataka niseme kwa utetezi wangu kwamba nilikuwa nafuata mafundisho. Kila kitu, alisema Miss Muthoni. Msione haya.

"Kuna mstari mwingine," Oloo akasema, na nilimchukia kwa jinsi alivyokuwa akifurahia elimu yake. "Ng'ombe wawili wa mama mkwe. Mbele yake imeandikwa: tutaona."

Mama mkwe akarudia neno hilo polepole, tutaona, kama anayeonja chumvi. Kisha akauliza jumla ni ngapi.

Oloo akainama, akatafuta kwenye kona. Akasema jumla haipo. Nikasema kwa sauti ndogo kwamba imeliwa na panya. Mama Sitelbanat akaipeleka nje vile vile ilivyo.

Mama mkwe akasema jambo, na mara hii alilisema kwa sauti ya juu, wazi, nilisikie mwenyewe bila mtu wa kati.

"Panya wa kwetu wanakula mahindi. Hawa wa Nairobi wanakula jumla na kuacha gunia."

Mama Sitelbanat alicheka hadi kawa ikaanguka. Hata Nabwire, nilimsikia, pumzi ilimtoka puani.

Ningekubali kikao kiishie hapo, nimeaibika vya kutosha kwa wiki moja. Lakini Oloo alikuwa amefika kwenye mikebe. Akainua wa dharura, akautikisa, ukanyamaza. Akarudi kwenye karatasi. Dharura, arobaini kila mwezi. Akaniuliza ni dharura gani hizi zinazokuja kila mwezi bila kukosa.

Ninyi wasomaji wangu wa zamani mnajua. Dharura zangu zilikuwa Ijumaa jioni, pale baa ya Mumbua, Kisumu Ndogo, na mara nyingi zilikuwa baridi na zenye povu. Hilo nalo sikulisema. Nilisema ni za hospitali.

"Za hospitali," Mama Sitelbanat akapeleka nje, na akaongeza kwa hisani yake, "hospitali ya Mumbua."

Kwa hivyo mwenye nyumba wangu anajua. Nimelipa kodi kwa mwanamke huyu miaka mitano nikidhani haoni.

Oloo sasa alikuwa ameshika mkebe wa nne. Akausoma ubavuni, nilikokuwa nimeandika kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa, CHEREHANI. Kwenye karatasi, mstari wa cherehani ulikuwa na alama tatu za mia mbili, moja kwa kila mwezi, nilizozitia mwenyewe kwa fahari.

"Mama, wana mia sita hapa."

Mkebe nikaunyakua. Nikauweka nyuma yangu kitandani, nikaukalia nusu.

Nje maneno yakaanza kwenda kwa kasi. Mama mkwe alisema mia sita ni ng'ombe mmoja na mguu wa pili. Kwamba yeye hakutoka Busia kuja kunywa chai kavu. Kwamba mtu mwenye mia sita ndani ya mkebe na mahindi ndani ya gunia hana ukame wowote isipokuwa wa moyo. Alisema hadai kwa ubaya. Wadogo zake Nabwire wanaolewa, na wakwe wengine wanauliza imekuwaje yule wa Nairobi aliachiwa. Nipewe nafasi leo nitoe hizo mia sita, au binti yake arudi naye Busia kwa basi la kesho, akae huko hadi ng'ombe waonekane.

Mama Sitelbanat naye akakumbuka kwamba yeye ni mwenye mali. Akasema mia sita hizo zina mwenyewe, ni za cherehani, na saa tisa imeshapita. Wangoi yuko njiani kutoka Kawangware na pesa zake mkononi. Mia sita zikionekana hapa saa kumi, cherehani ni ya Nabwire. Zisipoonekana, ni ya Wangoi, na yeye hataki kelele.

Wanawake wawili wakagombania pesa ambazo hazipo.

Fikirini mahali nilipokaa. Nikitoa mkebe, unafunguliwa. Ukifunguliwa, mna noti mbili zilizokunjwa kama maandazi. Nabwire anakosa cherehani, na mama anampakia kwenye basi, na mimi ndiye nimemkatia tiketi.

Kwa hivyo nikadanganya. Nilikuwa na uongo mmoja uliobaki, wa akiba.

Nikamwambia Mama Sitelbanat, kwa sauti ya mtu anayejiheshimu, kwamba pesa haziko kwenye mkebe. Kibera mtu haachi mia sita kwenye mkebe wa Kimbo. Nimeziweka Posta, kwenye kitabu cha akiba. Na leo ni Jumamosi, Posta wamefunga saa sita. Kwa hivyo Jumatatu asubuhi, kwa heshima zote, mambo yote yatatazamwa.

Ulikuwa uongo mzuri. Ulikuwa na siku, ulikuwa na saa, ulikuwa na kitabu. Nilihisi unaingia.

Mama Sitelbanat akasema Jumatatu ni kesho kutwa, pengine Wangoi anaweza kungoja akipewa chai. Mama mkwe akasema basi la kesho nalo linaweza kuwa la Jumatatu. Oloo akaniangalia kwa heshima kidogo, kama kusema kumbe shemeji ana kitabu Posta.

Kisha pazia likafunguka upande mmoja na Nabwire akaingia.

Alikuwa amevaa sweta lake la bluu, lile la Alhamisi. Kila Alhamisi, miezi hii miwili, anakwenda Kabiro, kule Kawangware, kwenye maombi ya akina mama. Anarudi jioni na vipande vya uzi mwekundu vimenasa kwenye mikono ya sweta. Niliwahi kumuuliza, akasema wanashonea kwaya vitambaa. Nikafurahi, kwa sababu maombi hayana mstari kwenye bajeti.

Akasimama mbele yangu.

"Posta?" akasema. Hakuwa na hasira. "Baba Ajiambo, mkebe si umeukalia."

Akapitisha mkono nyuma yangu, akautoa kama mtu anayetoa yai chini ya kuku. Nilimshika kifundo cha mkono. Nikamwambia kwa midomo tu, bila sauti, tafadhali. Ngozi ya mkono ule ilikuwa kavu kama gamba, na nikauachilia.

Akatoka nao nje. Kupitia ule mpasuko wa pazia niliona kila kitu isipokuwa uso nisioruhusiwa kuuona. Aliweka mkebe juu ya kigoda katikati ya wanawake wawili, akafungua kifuniko.

Nikafumba macho. Nikangoja sauti ya mama mkwe.

Badala yake nikasikia ya Mama Sitelbanat, aliyekuwa ameingiza vidole ndani na kupapasa. Akasema kumbe zimo.

Nikafumbua.

Zilikuwemo. Oloo alikuwa ametoka kwenda kusaidia kuhesabu, na alikuwa akizipanga juu ya kigoda. Noti zangu mbili za mia, bado zina mikunjo yangu. Na pamoja nazo bunda la noti za kumi na za ishirini, kuukuu, laini, zimenyooshwa moja moja na kufungwa. Akahesabu kwa sauti. Mia sita kamili.

Bunda lilikuwa limefungwa kwa uzi mwekundu.

Ninyi mnaosoma mmekaa raha mnaweza kuona mara moja. Mimi ilinichukua muda. Kwanza nilidhani Mungu. Kisha nikakumbuka kwamba Mungu hafungi noti kwa uzi. Mtu alifungua mkebe ule baada yangu, akakuta mia mbili, hakusema neno, akaurudisha mahali pake na kuanza kuujaza. Na mtu huyo alinipikia, akanichotea maji ya kuoga, akanisikiliza nikieleza advansi ya msimamizi, na akasema, haya.

Mia nne. Kwa kufulia watu nguo, mia nne ni miezi. Kwa maombi ya Alhamisi ni miujiza. Sasa utamuulizaje mtu amezitoa wapi, bila kumwambia unajua kwamba hazikuwepo?

Nje, mama mkwe alikuwa ameshaunyosha mkono kuelekea kigoda. Alisema ng'ombe mmoja ameonekana, Mungu ni mwema. Mama Sitelbanat naye akaweka kiganja chake juu ya noti, akasema huyo si ng'ombe, huyo ni cherehani. Mikono miwili ya akina mama watu wazima, mmoja juu ya mwingine, na hakuna aliyeitoa.

Na huko mlangoni mwa ua, mtu akapiga hodi. Ilikuwa sauti ya mwanamke, changamfu, yenye lafudhi ya Kikuyu. Wangoi amefika kabla ya saa.

"Mama," Nabwire akasema.

Hakupaza sauti. Lakini wote walimgeukia, hata Oloo.

"Mama, kabla hujachukua. Za kwake hapo ni mia mbili. Hizi zenye uzi ni zangu, nimezifanyia kazi kwa mikono yangu. Yeye naye alikuwa na mia sita, wiki mbili zilizopita, mimi nilizihesabu." Akaelekeza kidole kwenye pazia. "Sasa usiniulize mimi za ng'ombe. Muulize yeye mia nne ziko wapi. Na akujibu mwenyewe, asijibu kupitia kwa Mama Sitelbanat."

Hakuna aliyepeleka neno. Nilingoja Mama Sitelbanat ageuze kichwa, afupishe, aongeze chumvi yake. Hakufanya hivyo.

Nikatazama chini ya pazia, mahali nilipozoea kumtazama mama mkwe wangu kwa miaka saba. Viatu vya mpira vyeusi vilikuwa vimesimama. Vilikuwa vimegeuka. Ncha zake sasa zilielekea kwangu.

Nikarudi nyuma hadi mgongo ukagonga ukuta, na bajeti ikabanduka, ikaniangukia begani.

Kisha nikaona kitu ambacho kwetu hakijawahi kuonekana, na ambacho hata ng'ombe mia hawawezi kukifuta. Vidole vinne vya mwanamke mzee, vyeusi, vyenye udongo wa shamba kwenye kucha, vilishika ukingo wa pazia kutoka nje, na vikaanza kuvuta.